Begi Lililoishia Njiani

Duka la Simu, karibu na stendi,
Karatu.
Jumanne, 5 Agosti

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kifua kinachokusumbua kila baridi ya Oldeani inaposhuka kimekupa nafuu. Mguu nao unaendeleaje? Antonia aliniambia umeanza tena kwenda kuchuma kahawa na wasichana, nikacheka peke yangu dukani. Nikasema huyu mama kahawa ataiacha siku kahawa itakapomwacha yeye. Mimi huku mwili hauna shida, namshukuru Mungu, na biashara inakwenda.

Najua umeshangaa kuletewa barua. Kutoka Karatu hadi Oldeani si mbali kiasi cha watu kuandikiana, na wewe simu unayo. Wiki hii nimekupigia mara tatu nikiwa na neno moja la kukwambia, na mara zote tatu ukipokea na kusema Leonce baba, naishia kuuliza habari za majani ya ng'ombe. Ndiyo maana nimempa Felisiani wa bodaboda akuletee mkononi. Nakuomba uvae miwani uisome mwenyewe, chumbani. Usimpe Antonia akusomee, maana ninavyomjua dada yangu ataishia katikati.

Jumapili fundi Hhando alipita dukani. Alikuwa na furaha, akanieleza kwamba umeshanunua saruji na vigae vya kujengea kaburi la Martini, kwamba anaanza Ijumaa ili Jumamosi, baada ya misa ya mwaka, Padri alibariki likiwa limekamilika. Akaniuliza mimi kama kaka wa marehemu napendelea vigae vyeupe au vya kijivu. Nikamjibu vyeupe. Alipoondoka nilifunga duka saa nane mchana nikakaa ndani. Mama, kabla saruji haijamwagwa kuna jambo la safari yangu ya kumleta Martini ambalo lazima ulijue, na mtu wa kukwambia ni mimi tu.

Unakumbuka tulivyopigiwa simu kutoka India, kwamba Jumatatu ameshikwa na homa na Alhamisi ameshafariki, mtoto aliyebakiza mwaka mmoja awe mfamasia. Wanafunzi wenzake wakatuambia gharama ya kusafirisha mwili, nasi hatukuwa nayo. Wazee walibishana siku mbili. Wewe ndiye uliyekata shauri, ukasema hata akiwa majivu aje nyumbani, asilale kwa watu. Padri akasema Kanisa halikatazi, mradi azikwe. Nikatumwa mimi kwa kuwa pasipoti nilikuwa nayo, ile niliyoendea Nairobi kufuata mizigo ya duka.

Kule wanafunzi wenzake walinipokea vizuri mno, sitawasahau. Walinikabidhi Martini akiwa katika chombo cha shaba chenye kifuniko kilichozibwa, kizito kama kilo tatu hivi, pamoja na karatasi zake zote. Wakanisisitiza nimbebe mkononi, nikae naye kwenye kiti mpaka nyumbani, nisimwachie mtu yeyote. Nikawaahidi.

Tiketi ya kwenda walinikatia wao. Ya kurudi nilikata mwenyewe kwa simu, na hapo ndipo ujanja wangu ulipoanza. Tiketi moja ya kunifikisha mpaka KIA, uwanja wetu wa Kilimanjaro, ilikuwa ghali. Nikagundua kwamba nikikata mbili, za kampuni mbili zisizojuana, moja ya kunitoa India hadi uwanja mmoja mkubwa wa huko Uarabuni na nyingine ya kunitoa hapo hadi KIA, bei inashuka karibu nusu. Nilijiona nina akili kuliko wote waliowahi kupanda ndege. Sikujua kwamba tiketi zikitengana, mzigo nao unatengana. Kampuni ya kwanza inaushusha pale ilipolipwa kufika, na ya pili haina habari nao mpaka mwenyewe uufuate, uutoe, uukabidhi upya. Mimi kichwani nilikuwa na mzigo wa basi: unampa konda pale Arusha, anaandika jina, Karatu unaushusha.

Kwa sababu nitakayokueleza huko chini, Martini hakubaki mkononi mwangu. Aliingia kwenye begi la bluu, lile la shule alilokuwa akiendea Mbulu, na begi likapita kwenye mkanda wa mizigo. Msichana wa kaunta akanieleza jambo refu kwa Kiingereza, kwa upole kabisa. Akachukua kalamu akazungushia herufi tatu za jina la uwanja kwenye kile kikaratasi cha mzigo, akanionyesha. Nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu na watu wananitazama. Kuuliza si ujinga, tuliimba sana darasani, lakini mimi nilitikisa kichwa nikamwitikia yes, yes, yes, mara tatu kama Petro. Hata kama sikushika yote, nilishika kwamba begi lile halifiki nilikodhani linafika. Nikajiambia mbele ya safari nitaelewa.

Mbele ya safari nilielewa. Kwenye uwanja ule nilimkuta Mkenya mmoja akisafisha sakafu, nikamwonyesha kikaratasi. Akaniambia bila kuficha kwamba begi langu liko upande wa nje, linazunguka na mizigo ya wenyeji, na mimi ili nitoke nje nahitaji viza ambayo sina. Akanielekeza kwenye dawati moja, akasema niwabembeleze, wakati mwingine wanakubali kumtuma mtu akalichukue. Nikapanga foleni. Foleni haikwenda. Nikasikia wanaita watu wa ndege yangu ya pili, na kwa kuwa tiketi zilikuwa mbali mbali, hakuna ambaye angenisubiri wala wa kunipa nafasi nyingine, na mfukoni sikuwa na hela ya kukata tena. Mbele yangu walikuwa wamebaki watu wanne. Nikatoka kwenye foleni, Mama. Nikapanda ndege huku nikijiambia begi litakuja na inayofuata, na nilikuwa najua kwamba najidanganya.

KIA mkanda ulizunguka mpaka ukazimwa. Wakanipa fomu ya kujaza. Dada aliyenihudumia akauliza ndani ya begi kuna nini. Watu walikuwa wamesimama karibu, na mimi nilishindwa kutamka kwamba ndani kuna mdogo wangu. Nikamwambia nguo. Akaandika nguo. Na nguo za mtu kama mimi, nani atazikimbilia? Baadaye nilipoandika ukweli walinijibu kwamba maelezo yangu hayalingani na fomu niliyosaini mwenyewe.

Hapa dukani huwa wanakuja watalii kununua chaja kwa sababu mabegi yao yamechelewa. Wanalalamika kidogo, wananunua, wanaendelea kwenda kuangalia faru huko kreta. Siku ya pili naliona gari la kampuni yao likipita na begi moja tu kiti cha nyuma, linapelekwa mpaka hotelini kule juu Ngorongoro. Zamani nilikuwa nalicheka begi linaloendeshwa kama mheshimiwa. Sasa likipita naingia ndani.

Siku tatu nilikaa Arusha. Nyinyi niliwaambia forodha wanazuia, karatasi hazijakamilika. Kampuni ya pili iliniambia begi si lao, hawakulipokea. Kampuni ya kwanza ikaniambia wao walinifikisha mimi na begi langu pale nilipolipia, kazi yao ikaisha. Wote walikuwa wanasema kweli. Huku nyumbani maturubai yameshafungwa, shangazi ameshafika kutoka Mbulu, dume ameshachinjwa, Padri ametoa Jumamosi. Ukanipigia asubuhi ya siku ya tatu ukaniuliza umefika wapi na mwanangu. Nikakujibu niko njiani.

Mama, kaa chini kama umesimama.

Pale stendi ya Arusha nilikuwa nakula kwa mama lishe mmoja anaitwa Sabina. Nilimwomba majivu ya jiko lake la mkaa, nikamwambia ni ya kuhifadhia maharage yasitobolewe na wadudu. Akanichekechea mwenyewe kwa roho safi, hata hela hakutaka. Nikanunua kisanduku cha mti kwenye vibanda vya vinyago, nikayamimina humo, nikafunga kufuli, ufunguo nikautupa mtaroni. Hicho ndicho nilichokuletea. Hicho ndicho ulichokipakata toka barabarani mpaka ndani, ukakifunika na shuka lako, ukawaambia kina mama wa jumuiya kwamba mwanao bado ana joto. Walilia wote. Mimi nilikwenda kusimama nyuma ya zizi, na watu wakasema ni uchungu wa kaka. Joto lile lilikuwa la jiko, Mama. Aliyezikwa pale chini ya mgrevilea si Martini. Ni mkaa wa Sabina.

Niliapa kwamba nitalipata begi, nije kimyakimya na nitengeneze kosa langu wewe usijue. Niliwaandikia watu wa mizigo wa uwanja ule barua za mtandao mpaka nikazoea kuandika Kiingereza. Mwezi wa tano wakanijibu kwa mara ya mwisho. Walisema mzigo usiopata mwenyewe hukaa siku tisini. Kinachouzika hupigwa mnada, kisicho na thamani huteketezwa, na langu limeshashughulikiwa hivyo. Karatasi za Martini ninazo mimi huku mfukoni, kwa hiyo hata aliyelifungua begi hakujua amemshika nani. Chombo cha shaba kinauzika. Yeye, kwa hesabu yao, ndiye asiye na thamani. Mwanao amechomwa mara mbili, na mara ya pili hapakuwa na hata mtu mmoja wa kumwombea Baba Yetu. Hakuna tena mahali pa kuandika wala mtu wa kumfuata. Nimetafuta mpaka mwisho wa kutafuta, Mama, na hapo pana ukuta.

Mpaka hapa unaweza kusema ni ujinga wa mtu asiyezoea ndege, na najua moyo wako, umeshaanza kunitafutia udhuru. Usinitafutie. Nimebakiza moja.

Hela niliyookoa kwa kukata tiketi mbili ilikuwa ya rambirambi, mliyonichangia ili nimlete mtoto kwa heshima. Mimi nilinunua simu, kumi na nne, kule ni rahisi, nikisema nikifika naziuza na kurudisha. Pale kaunta walinipimia mzigo wa mkononi. Ulizidi. Unaruhusiwa kilo saba tu, na yule msichana akanieleza kwamba simu kwa ajili ya betri zake haziruhusiwi kwenda chini, lazima zikae na mimi juu. Kwa hiyo kitu kimoja kilipaswa kushuka. Nilisimama pale na mkoba wazi. Upande huu simu, upande huu mdogo wangu. Hakuna aliyenishika mkono, hakuna aliyenilazimisha, na sikufikiri hata kwa muda wa kusali Salamu Maria moja. Nilimtoa Martini nikamweka kwenye begi la bluu kati ya suruali zangu, nikakaa na simu mapajani mpaka KIA. Zilifika zote. Hata kioo kimoja hakikupasuka. Ndizo zilizoliinua duka hili, na ile niliyokupa siku tulipomaliza matanga, unayoniitia kila jioni, ni mojawapo.

Siombi msamaha, kwa kuwa sijui nianze kuuombea wapi. Hhando nimemwambia asimwage kitu mpaka wewe useme. Ukitaka kaburi lifukuliwe nitafukua mwenyewe, mchana, watu wote wakiona. Ukitaka lijengewe hivyo hivyo ili shangazi na majirani wasijue, nitasimama pembeni yako Jumamosi nikiitikia sala, na tutakuwa wawili wa kujua. Najua kwa kukwambia nimejipunguzia mimi na kukuongezea wewe, na hilo nalo ni kosa juu ya kosa. Ila nilishindwa kukuacha utumie pesa zako za kahawa kununulia majivu ya jiko la watu vigae vyeupe. Misa iwepo, nakuomba. Yeye hana kingine kilichobaki.

Nisalimie Antonia na watoto wake, na kina mama wa jumuiya waliokesha nasi. Padri usimwambie, nitamfuata mwenyewe kuungama. Dawa za kifua usiziache hata kama umekasirika. Usinipigie kwa ile simu, Mama. Felisiani atapita kesho asubuhi kuchukua maziwa, mwambie neno moja tu, nije au nisije, naye ataniletea. Nipo hapa dukani, sitakwenda popote.

Mungu akushike mkono unaposoma hii.

Ni mimi mwanao aliyefika,

Leonce