Kwa Mama Mkwe, Mwosha wa Mtaa Wetu

Mpendwa mama mkwe,

Kabla hujauliza: ndiyo, nshakoga. Na nyuma ya masikio nimepita. Kwa hiyo sasa naweza kukuamkia. Shikamoo, na Mwenyezi Mungu akupe kauli thabiti huko uliko, ingawa kwa kauli yako sina wasiwasi hata kidogo. Ninaowahurumia ni hao malaika wanaokuuliza kaburini.

Nakuandikia kwa sababu jana baada ya alasiri kinamama wa mtaani walipanda ngazi zetu, wakakaa kwenye kochi lako, wakamaliza kahawa yote, kisha wakasema wanataka nishike nafasi yako. Mwosha maiti wa mtaa. Tangu utangulie, kila akifariki mwanamke huku kwetu inabidi waazime mwosha kutoka mtaa wa Malindi, na huyo wanasema ana haraka kama anaosha vyombo vya shughuli. Wanataka jibu kesho, baada ya sala ya Ijumaa.

Mimi, mama. Mtoto wa seremala wa kutoka bara, niliyelelewa kanisani, nikasilimu ukubwani nilipotaka kuolewa na mwanao Haji. Nilipomwambia Haji alicheka mpaka akaweka kikombe chini, halafu akaniona uso akaacha. Nataka kukubali, na naogopa kumharibia mtu josho lake la mwisho. Na wa kunambia kama nafaa au sifai ni wewe peke yako, ambaye katika uhai wako wote hukuwahi kunambia nafaa kwa lolote.

Unakumbuka tulivyoanza? Siku ya josho langu la kusilimu nilikuwa nimetoka kusukwa rasta Darajani, nimekaa kwa msusi kutwa nzima mpaka makalio yamekufa ganzi. Nafika kwako, umesimama mlango wa choo na kata ya maji mkononi kama mlinzi wa bandari. Ukazitazama zile nywele, ukasema maji hayafiki kwenye ngozi. Nikasema yatafika. Ukasema hayafiki, kaa hapa. Ukazifumua zote kwa mkono wako mwenyewe, huku unanihadithia wanawake uliowaosha waliokwenda zao na rangi za kucha, na tabu uliyoipata kuzibandua. Kisha ukanifungia ndani, ukawa unatoa amri kwa nje: kwapani, kitovuni, baina ya vidole vya miguu. Nilitoka nimechubuka. Ukaninusa shingoni, ukasema, "Tutaanzia hapo."

Ikaja harusi, na singo. Uliitwanga mwenyewe, asumini, liwa, mawaridi, karafuu kidogo, ukanisugua mwili mzima mpaka nikang'aa. Lakini hakuna aliyenambia kwamba mtu akishasingwa hagusi sabuni. Kwetu sisi kitu kikipakwa mwilini kinaoshwa kitoke. Basi alfajiri nikaamka kimyakimya, nikachukua kipande cha sabuni ya kufulia, nikajisugua barabara, nikatoka nimeridhika na nafsi yangu. Ulinikaribia, ukasita, ukarudi nyuma. Halafu ukawaita dada zako wote waje kunusa. "Bi harusi wetu," ukawaambia, "ananuka kanzu." Kwa miaka mingi wageni wakija nyumbani walisikia hadithi ya sabuni kwanza, jina langu baadaye.

Na wewe ulikuwa na elimu yako ya dunia, yote uliipata chooni. Watu kwako walikuwa aina mbili: wanaokoga na wanaojirowesha. Bi Hansa wa ghorofa ya chini, Baniani, ulimweka daraja la juu kabisa, kwa sababu kwao siku ya Diwali wanajipaka mafuta na kukoga kabla jua halijatoka. Mlikuwa mkibishana kupitia dirisha la uani, yeye anasema kwao kuna mto ambao maji yake yanaondoa madhambi, wewe unasema maji bila nia ni umande tu, na nyote mnakubaliana kwamba mimi namaliza kukoga upesi mno.

Siku moja ukaniuliza na sisi kanisani tunakoga vipi. Nikakueleza ubatizo wangu: mchungaji alituzamisha baharini na kanzu nyeupe, na ukiinuka umezaliwa upya. Ukafikiri sana.

"Mara moja kwa maisha yote?"

Nikasema ndiyo.

"Na majasho ya baadaye?"

Bi Hansa alicheka kule chini mpaka akapaliwa. Mimi nilikasirika, na nikakwambia hivyohivyo kwa sauti, kwamba ile siku naipenda mpaka leo, kwamba baba yangu alinisubiri ufukweni na taulo huku analia, na kwamba kusilimu kwangu hakukuifuta. Nilidhani utanifukuza. Ukanimiminia chai, jambo ambalo hukuwa umewahi kulifanya, na ubatizo wangu hukuufanyia mzaha tena.

Nilipopata kazi ya kusafisha vyumba hotelini Matemwe, kila nikirudi ulitaka habari za wageni, lakini za chooni tu. Wale wanaolala ndani ya beseni na povu lao saa nzima ulisema wanajipika. Lakini nilipokusimulia yule bibi wa Kijapani aliyeniomba ndoo na kigoda, anajisugua na kujisuuza kwanza, akishatakata ndo anaingia kwenye maji ya moto kupumzika, ulikaa kitako. Ukanifanya nisimulie upya. Kumbe wapo watu duniani, ukasema. Kisha ukauliza kama ana mdogo wake ambaye hajaolewa, kwa vile Haji bado ana nguvu. Haji alikuwa amekaa palepale anakula embe.

Halafu upande wako wa kushoto ukakugomea, ikawa kazi ya kukukogesha ni yangu. Jamani, mama, na malalamiko yako. Maji ya moto. Maji ya baridi. Unanimwagia kama unamwagilia ukuta. Unanisugua kama sufuria ya biriani. Nilikuwa nikiingia na ndoo huku nasoma dua ya subira, na nikitoka mtaa mzima unajua nimekosea wapi. Wifi zangu walipokuja kunipokea ulikuwa kimya, hulalamiki hata neno, nami niliona wivu. Nilisema moyoni, tazama, wanawe wanajua.

Asubuhi uliyofariki kinamama walikuja na majani ya mkunazi na karafuu maiti, wakatundika pazia. Mimi nilisimama nje nachota maji, sikutarajia zaidi. Bi Mwanajuma, shoga yako mliyekuwa mkiosha pamoja kabla uzee haujamwachisha kazi, akatoa kichwa akaniita. Nikasema naam. Akasema umeacha wosia.

"Kasema akoshwe na yule mbara wake. Wengine, kasema, wanampapasa tu."

Niliingia, nikakunja mikono ya gauni. Bi Mwanajuma ananielekeza, mimi nafuata, umefunikwa vizuri, hakuna aliyekuona pasipopasa. Nikatia kiwiko ndani ya ndoo ya kwanza, maji yalikuwa ya moto kidogo. Yeye keshainua kata. Nikamshika mkono, nikamwambia angoje yapoe, mama atalalamika.

Walicheka, mama. Mle ndani, nyuma ya pazia, wamejiziba midomo kwa kanga, Bi Mwanajuma ameegemea ukuta machozi yanamtoka. Nami nilicheka. Tukangoja yakapoa kweli. Nikakumwagia upande wa kulia, kidogo kidogo, nikasita nisikie utasemaje. Hukusema kitu. Hapo ndipo nilipojua kwamba umekufa, nikalia kwa sauti, na mikono ikaendelea kukuosha.

Bi Hansa alisimama kwenye ngazi mpaka jeneza likapita. Kisha akaingia kwake akakoga kuanzia kichwani, nywele zote, kwa sababu kwao mtu hukoga hivyo akifiwa na ndugu. Nilimwona baadaye dirishani anazikausha.

Basi kesho nitawajibu kinamama kwamba nimekubali. Maji nitapasha mwenyewe, kucha nitazitazama moja moja, na mtu sitampapasa. Lakini nina shida moja na sina wa kumwambia ila wewe. Nitakuwa naosha wanawake waliokaa kimya, na mimi kazi hii nimefunzwa kwa makaripio. Sijui nitajuaje nikikosea.

Pumzika, mama yangu. Umetakata.

Mkweo, mbara wako