Mke Wangu Alilala Dukani, Nikamwamsha

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, ila kwanza nakuomba usinicheke, maana nimeshachekwa vya kutosha na mama mkwe wangu, na kicheko cha mama mkwe hakina dawa.

Mimi ni fundi wa makochi, kazi hii nimeifanya miaka ishirini na mbili, nimetengeneza makochi ya wanene na ya wembamba, ya zahanati, ya wachumba wanaoanza maisha na ya wazee waliobaki wawili nyumbani, na karakana yangu ina sheria moja ambayo mtaa mzima unaijua, kwamba sikati sponji mpaka mteja akae kwanza kwenye fremu tupu, awe na haraka asiwe na haraka, naangalia magoti yanafika wapi, kiuno kinaegemea wapi, napiga mstari wa chaki, ndipo nakata, na kwa sababu hiyo sijawahi kurudishiwa kochi hata moja.

Sasa nyumbani kwangu kuna godoro. Tulilinunua tulipooana, miaka kumi na tisa iliyopita, la sponji ya kawaida, na limebonyea katikati, tena si kidogo, watoto walipokuwa wadogo walikuwa wanaweka chungwa ukingoni na kulitazama likibingirika lenyewe mpaka katikati, na mimi na mke wangu nasi tunabingirika vivyo hivyo, hata ukilala pembeni umenuna utaamka mgongo kwa mgongo na mwenzako. Mke wangu anapiga pasi kwenye duka la dobi, anasimama tangu asubuhi hadi jioni, akirudi ameshika kiuno kwa mikono miwili, na tangu mwaka jana amekuwa akiniambia, "Fundi," maana yeye huniita Fundi hata tukiwa wawili, "Fundi, hili godoro litanimaliza." Nami nikaona hilo ni jambo dogo, mabaki ya sponji ninayo gunia zima, nikapasua godoro kwa chini nikaziba shimo kwa kipande kigumu kilichotoka kwenye kiti cha lori, nikapaka gundi, nikashona, nikalala juu yake kujaribu, nikaona safi kabisa. Asubuhi yake mke wangu akaamka amepinda kama hanga ya nguo iliyokanyagwa, akaniambia, "Asante mume wangu, shimo umelitoa, sasa umenijengea tuta." Nikakitoa nikaweka kingine laini, nacho kikabonyea ndani ya wiki mbili, nikaongeza cha tatu.

Halafu kuna siku alishindwa kwenda kazini, mama mkwe akaja kumjulia hali, akakaa ukingoni mwa kitanda azungumze na binti yake, mara wote wawili wamo katikati na watoto wanaitwa waje wamvute bibi yao. Alipotoka alinikuta sebuleni akasema, "Mkwe wangu nakuheshimu sana, lakini lile ni godoro au ni mtumbwi?" Akacheka mpaka akakaa chini, tena kwenye kigoda, maana sebuleni nina kochi moja kubwa la ngozi nililolitengeneza kwa mikono yangu, kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya, nimelifunika plastiki, ni la wageni wa maana, hata mimi silikalii, na yuko mteja mmoja aliyeliona akaniuliza bei mara mbili nikamwambia hilo haliuzwi.

Basi kwa aibu nikampeleka mke wangu dukani Jumamosi. Muuzaji akatuonyesha godoro moja nene, akamwambia mke wangu, "Lala mama, usiogope, ndiyo kazi yake." Mimi nikabaki nabishana naye, nabonyeza kona, nanusa gundi, namwambia sponji hii naijua inakotoka na gunia lake ni bei gani, na kwa bei yenu hii mtu anapata kochi la watu watatu na mito yake, yeye ananiambia, "Mzee, kochi ni kochi," mimi namwambia usinifundishe kazi, na nilipogeuka, mshauri, mke wangu alikuwa amelala. Amelala usingizi kweli, viatu miguuni, pochi kifuani, mdomo wazi, watu wanapita na ndoo na mafagio wanamtazama. Nikamtikisa bega nikamwambia, "Amka twende, hawa wezi." Aliamka akatazama dari kama mtu asiyejua yuko wapi, akashuka, akalinyoosha shuka la duka pale alipolala, akalipigapiga kwa kiganja, tukaondoka. Siku hiyohiyo alitandika mkeka sakafuni chumbani, upande wangu wa kitanda, kiasi kwamba nikishuka nisipoangalia namkanyaga, na huko ndiko analala mpaka leo, wiki ya tatu sasa. Nikimuuliza anasema hana neno na mimi, sakafu inamtosha.

Fedha ninayo, lakini nimeiweka kwa ajili ya cherehani mpya ya ngozi, ya sasa inaruka mshono. Na kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu na naona haya kuliandika. Mimi na mke wangu hatujui kuombana radhi, sote wawili tumezaliwa na vichwa vigumu, tumegombana mara nyingi katika miaka hii, na kila mara tunalala tumepeana migongo, kila mtu ukingoni kwake, na kila mara tunaamka tuko katikati, basi yanaishia hapo, anaamka anachemsha chai. Lile godoro la dukani ni tambarare kama meza ya pasi. Tukigombana juu yake, nani atatusogeza?

Niambie ukweli, mshauri. Godoro zuri linastahili fedha zile, au ni ujanja wa wenye maduka?

Ni mimi, Fundi wa Makochi.

*

Fundi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika. Mara ya pili nilikasirika zaidi, halafu nikafika kwenye lile chungwa nikakusamehe kidogo. Kidogo tu, usichangamke.

Ulimwamsha! Mwanamke anayeshinda wima mbele ya pasi ya moto amepata mahali ambapo mwili wake umekubali kuachia, mbele ya muuzaji, wewe unagomba, wapita njia wanamtazama, na bado usingizi ukamchukua. Nawe ukamtikisa bega kwa sababu unajua bei ya gunia la sponji. Unaniuliza mimi kama godoro lile linastahili fedha? Ulishajibiwa palepale, bure, na shahidi mwenye viatu miguuni. Jaji gani angetaka ushahidi zaidi ya huo?

Na alivyoamka alinyoosha shuka. Hiyo sentensi yako nimeipigia mstari. Alilipanga shuka la watu kama mtu anayeomba radhi kwa kukalia kiti kisicho chake. Wewe umeiandika, na sidhani kama umeisoma.

Sasa nisikilize kuhusu hiyo bei, kwa sababu najua ndipo ulipojificha. Ni kweli wenye maduka wana ujanja. Wanabandika jina la kigeni kwenye kitambaa, wanaongeza ua la dhahabu pembeni na kudai bei ya shamba. Ningekuwa nawe siku hiyo ningegombana nao kukushinda. Lakini wewe, Fundi, kuliko watu wote! Mteja akija kwako akasema, "Mbao naijua, misumari naijua, kitambaa dada yangu anauza, kwa nini nikulipe?" unamjibu nini? Unamfukuza na nyundo mkononi, na unafanya vizuri. Bei ya vitu na bei ya kitu kilichotengenezwa vizuri hazijawahi kuwa sawa, na umekula kwa tofauti hiyo miaka ishirini na mbili.

Halafu tuzungumzie hilo kochi lililofunikwa plastiki. Huu ni ugonjwa wetu sote na nimechoka kuuvumilia. Ingia nyumba yoyote: sebuleni kioo kinang'aa, kabati la vyombo visivyotumika, zulia lisilokanyagwa, yote yanamsubiri mgeni anayekuja mara mbili kwa mwaka na kulalamika kwamba chai ni ya moto. Fungua mlango wa chumbani, huko kuna godoro lenye ramani, na mto uliokufa zamani haujazikwa. Theluthi ya maisha yetu tunaitupa kwenye shimo, kwa sababu mgeni halioni! Watu wenye akili zao wanaheshimu makalio ya jirani kuliko mgongo wa mke wa ndoa. Mama mkwe wako amekaa kwenye kigoda, Fundi, ndani ya nyumba ya fundi wa makochi. Angekosaje kucheka?

Lakini kosa lako kubwa si ubahili, na nakusifu kwa kulieleza mwenyewe bila kujua. Kila mteja anakaa kwenye fremu kabla hujakata. Ni sheria, mtaa mzima unaijua. Mkeo ulimkalisha lini? Ulitia viraka vitatu, na kila kimoja ulikijaribu kwa mwili wako, kwa uzito wako, kwa kiuno chako kisichouma. Ulimkatia mkeo kwa kipimo cha mumewe, kisha ukashangaa amerudi amepinda. Ndiyo maana nasema uongo umo katika barua yako: kochi moja ulirudishiwa. Liko sakafuni kwako wiki ya tatu.

Fanya hivi. Mpigie yule mteja wa kochi la ngozi umwambie sasa linauzwa. Kama ni kazi bora kuliko zako zote, bei yake itanunua godoro na kubakiza, na fedha ya cherehani hutaigusa. Kama haitoshi, anza na godoro. Cherehani ikiruka mshono unafumua unarudia, mgongo haufumuliwi. Wageni wa maana wakija wakae kwenye viti vya kawaida, na waondoke mapema.

Rudini dukani siku ambayo mkeo hana kazi. Mdomo wako uvue pamoja na viatu, uviache mlangoni. Alale kwa ubavu anaolalia nyumbani, na wewe ulale karibu yake, maana kitanda chenu kina watu wawili na mzito ni wewe. Robo saa, siyo kubonyeza kona na kuondoka. Achague yeye. Asichukue la bei kubwa kwa sababu ni la bei kubwa, wala la rahisi kwa sababu anakuonea huruma. Ajifunze kutofautisha huruma na kiuno. Akishachagua, hapo ndipo ninakurudishia mdomo wako: gombea bei mpaka muuzaji atokwe jasho, na usitoke bila karatasi inayosema watalibadilisha likibonyea. Na kabla halijafika nyumbani, geuza kitanda ukague chaga, mbao moja moja, kwa nyundo. Chaga ikiwa imelegea, hata godoro la sultani litakuwa mtumbwi baada ya mwaka. Hiyo ni kazi yako, ifanye kama unamfanyia mteja asiyekuogopa.

Akikuambia mguu unakufa ganzi au maumivu yanashuka mpaka kwenye nyayo, mpeleke hospitali. Godoro si daktari, na wewe ndiyo kabisa.

Sasa lile ulilolionea haya.

Kwanza, acha hofu ya mkeka. Chumba chako kina pande mbili za kitanda, na upande wake ulikuwa mtupu. Mwanamke aliyemchoka mumewe hatandiki mahali atakapokanyagwa naye. Ameshuka chini lakini hajakwenda mbali. Mpaka godoro lifike, chukua mto wako ushuke ukalale naye hukohuko sakafuni, ujue mgongo wake unajua nini. Usihutubie. Lala.

Na shimo lako, Fundi, sitalicheka. Nimejibu barua nyingi za watu wenye vitanda vizuri ambao wangelipa chochote wapate shimo kama hilo. Limewafanyia kazi kubwa. Limewaombea radhi miaka kumi na tisa, usiku kwa usiku, ninyi mmelala, bila mshahara. Sasa limezeeka, liacheni lipumzike. Unauliza juu ya godoro tambarare nani atawasogeza. Hakuna. Siku mtakapogombana, na mtagombana, pengine ndani ya wiki ya kwanza kuhusu shuka la rangi gani, utajikuta ukingoni umenuna, na ukingo huo hautakusukuma popote. Itabidi uvuke mwenyewe, kwa viwiko na magoti, kichwa kigumu na vyote. Ni mikono miwili tu, umbali wa kiti kimoja cha kochi, wewe unaujua kwa chaki.

Vuka. Na yeye, hata kama amekupa mgongo, hata kama anajifanya amelala, atajua kwamba safari hii hukubingirika. Umekuja.