Barua ya Benta

Jumanne, 1 Machi 1966

Leo soko la Rangwe lote ni Phelesia, Phelesia. Mwenyekiti wetu alikuja kwa baiskeli, mwanamke mzima, na akina mama wakampigia vigelegele! Akasema mjane si ng'ombe wa kuachiwa shemeji. Makofi. Maneno hayo ni yangu — niliyasema jikoni kwangu mwaka jana, yeye akila samaki wangu. Hakunitaja. Mimi ni karani wa chama cha akina mama tu. Nina wivu, ndiyo.

Alhamisi, 3 Machi

Benta, mjane wa binamu ya mume wangu, amekataa kurithiwa. Nikamwandikia barua kwa D.O., afisa wa serikali, awazuie wazee; akaweka dole gumba huku analia. Phelesia akafuta neno moja, akatia sahihi chini. Yake! Kisha: Nyaminwa Jedidah, dada yangu, si kesho unaenda Homa Bay? Ipeleke wewe.

Ijumaa, 4 Machi

Homa Bay. Nimeuza njugu, nimenunua dagaa wa omena. Ofisi ya D.O. nimeipita mara mbili. Barua nimerudi nayo, iko ndani ya Biblia. Wiki moja haiui mtu. Acha Phelesia asubiri sifa zake.

Sabato, 5 Machi

Phelesia kiti cha mbele, kofia mpya. Akaniuliza barua. Nikasema imefika. Kanisani!

Jumapili, 6 Machi

Wazee wa ukoo wamekaa uani kwetu tangu asubuhi. Nikawapelekea uji. Mmoja akasema mrithi wa Benta amepatikana, kesho jioni anaingia kwake. Nikauliza ni nani. Wote wakaangalia uji.

Elkanah. Elkanah wangu! Alikuwa pale pale, anakuna goti. Mtu aliyeapa mbele ya pasta, mke mmoja! Tena Benta ana ule mwanya, na Elkanah akiuona hujisahau. Sijala tangu hapo. Nilidhani wivu naujua.

Jumatatu, 7 Machi

Asubuhi. Nilikimbilia basi la Homa Bay, nikakuta vumbi lake. Hakuna jingine leo. Elkanah ananyoa ndevu, na siku ya kunyoa si leo.

Mwenye baiskeli hapa ni mmoja tu.

Nasikia kengele yake njiani. Inakata kona kuja kwangu. Barua ninayo mkononi, na tarehe niliiandika mwenyewe pale juu, kwa mwandiko mzuri: 3 Machi.

Anapiga hodi. Anacheka huko nje — Nyaminwa, D.O. amejibu?