Dakika za Ukimya

Mama mdogo mpendwa,

Kompyuta uliyonipa ingali nzima, na bado narekodi podikasti chumbani, mablanketi yakiwa yametundikwa ukutani.

Ulinifundisha nianze kwa kurekodi dakika moja ya ukimya wa chumba, ya kuzibia mapengo nikihariri. Basi dada yako alinitia wazimu! Kila nikimwomba anyamaze, ananong'ona, "Lakini umekula?" Nafoka, tunaanza upya.

Tangu tumzike Mama sijaweza kusikiliza vipindi nilivyorekodi naye. Humo anaongea kama mtangazaji, si kama Mama. Jana nikafungua zile dakika alizoziharibu. Zimo zote kumi na tisa, kwa sababu ulinikataza kufuta chochote.

Asante, Mama mdogo. Nakutumia zote.

Safari hii sikufoka. Nilimjibu kwamba nimekula.

Mwanao,
Kasuku