Udongo Kwenye Pindo la Kanga Yako

Mpendwa Mayu, mama yangu,

Ni ule mlio unaonirudia. Kru. Kipande cha udongo kikivunjika kati ya meno yako, halafu kimya, kwa kuwa umesikia hatua zangu. Ulikitoa kwenye pindo la kanga ukiwa umegeukia ukuta, nami nikajifanya sijaona. Pale nyumbani Geita uliuchimba kwenye kichuguu nyuma ya jiko, ukauchoma juu ya bati. Shangazi alikutania kwamba ukiendelea hivyo utazaa tofali. Ulicheka mpaka ukashika kiuno.

Figo zako ziliposhindwa, mwajiri wa baba kule mgodini Mwadui alilipa ukapelekwa Nairobi, kwenye mashine ya kusafisha damu. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nikaenda nawe, maana Kiswahili chako kilikuwa cha sokoni tu na wodini hapakuwa na mtu wa kukusikia Kisukuma. Chini ya nguo nilibeba mfuko wa udongo. Uliniomba, sikuweza kukunyima.

Nakumbuka mipira iliyojaa damu yako. Kila mashine ilipozimwa, damu kidogo ilibaki humo. Ulizidi kupauka. Walikuongezea damu, wakakupa vidonge vya madini ya chuma, na baada ya wiki ukapauka tena. Muuguzi mmoja mpole akavuta kope lako la chini, akautazama ule weupe, akaniuliza, "Mama anakula kitu kingine zaidi ya chakula?"

Nikakutafsiria. Ulinishika mkono.

"Usiniaibishe, ng'wanawane, mwanangu. Watasema kizee kina mimba."

Nikamgeukia muuguzi. "Hapana," nikasema. "Chakula tu."

Miezi miwili baadaye tulikurudisha Geita ndani ya jeneza.

Sikuelewa nilichofanya mpaka niliposomea kazi ya maabara. Mwalimu alituwekea kwenye hadubini damu ya mtu aliyepungukiwa na chuma: chembe ndogo, zimepauka katikati. Akatuonya tusimhukumu haraka mgonjwa wa figo anayeishiwa damu. Figo zenyewe huacha kuuhimiza mwili utengeneze damu, mashine nayo humpotezea kidogo kidogo, na pengine chuma hana kabisa. Kwa hiyo mpimeni, alisema, kisha muulizeni anakula nini, kwa sababu hamu ya udongo mara nyingi ni dalili ya kukosa chuma, na udongo huohuo huvizuia vidonge visifanye kazi. Nilishika ukingo wa meza.

Sijui kama jibu langu ndilo lililokuua. Hakuna wa kuniambia, na hofu yangu imekaa hapo. Baba nilimwambia ni figo, basi.

Sasa niko hospitali hapa Shinyanga, napima damu za watu. Mwezi uliopita mvua ya kwanza ilipopiga vumbi, mate yalinijaa kinywani. Nilinunua vipande vitatu sokoni, nikajifungia chumbani, nikauma. Kru. Ilikuwa sauti yako, Mayu, ndani ya kichwa changu.

Tangu hapo nimekuwa nikivuta kope mbele ya kioo kila asubuhi. Ndani ni peupe. Jioni miguu huvimba. Vidole hivi vinavyowachoma wengine sindano siku nzima vilikataa kunichoma mimi. Niliogopa kuzikuta figo zako mwilini mwangu.

Leo asubuhi nilikwenda kwa daktari. Alinivuta kope, akaniuliza lile swali, karibu kwa maneno yaleyale ya muuguzi wako.

"Udongo," nikasema. "Na mama yangu alikuwa anakula. Mimi ndiye niliyemfichia."

Aliandika yote mawili. Damu yangu na mkojo viko maabara kwa mwenzangu, majibu ni kesho. Nimekuaibisha, unisamehe. Nilipotoka pale nilipita posta na kumtumia baba kule nyumbani barua yenye lile jibu nililomnyima muuguzi wa Nairobi. Basi la Geita limeshaondoka nayo.

Lala, Mayu.

Binti yako, mkalimani wako