Kisanduku Ulichotuma na Sauti ya Gitaa la Kaka

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeamka vizuri, na kile kifua kilichokuwa kikikubana wakati wa baridi kimekuachia. Mkaza mjomba hajambo? Na binamu zangu, bado wanagombania kiti cha dirishani? Sisi huku tunajikokota. Mama miguu inamvimba akisimama sana, ila mdomo wake uko palepale. Mimi ni mzima, isipokuwa uchovu. Kule kwenye chumba cha kufulia nguo za hospitali wametupunguza watu, na mashuka hayajapungua.

Kaka jeraha lake limefunga. Daktari alisema ile randa ya umeme ya kule karakana ya mbao ingeweza kuchukua mkono mzima, kwa hiyo kupoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto ni bahati. Mpiga gitaa aliyekosa vidole hivyo, bahati kama hiyo anaipeleka wapi?

Sasa nije kwenye kisanduku chako. Uliniomba nikueleze kinavyofanya kazi bila kukuvika kilemba cha ukoka, nami nitakueleza.

Ile amplifaya kubwa ya Kaka, uliyokuwa ukiiita jokofu, iliungua muda mfupi baada ya ajali. Fundi redio aliifungua, akanusa ndani, akaifunga tena na kutupa pole kama watu waliofiwa. Na studio walikuwa wameshatupangia tarehe ya kurekodi nyimbo za bendi. Kaka akasema nyimbo haziwezi kungoja vidole viote. Mimi nipige gitaa mahali pake, yeye aimbe. Sharti lake lilikuwa moja tu, sauti ya gitaa iwe ileile yake. Unaijua. Nzito, yenye mkwaruzo, ile inayosukuma kifua cha mtu aliyesimama mlangoni.

Kisanduku chako, ulichotutumia badala ya hilo jokofu, kina amplifaya za kuiga za kila aina, na spika za kuiga, hata vyumba vya kuiga. Nilipokiwasha mara ya kwanza nilifurahi kama mtoto aliyeachiwa duka la peremende. Furaha ile haikufika mbali. Jioni nikitoka kazini nanawa mikono inayonuka dawa ya madoa, nakaa kwenye stuli, nazungusha vitufe. Kaka yuko kitandani, ameelekea ukutani, anasikiliza. Nikipiga, anasema siyo. Nabadilisha amplifaya, siyo. Nabadilisha spika, siyo. Nikimuuliza inakosa nini, anasema haina kifua. Nikiongeza besi, anasema sasa ina tumbo. Mama akapita na beseni lake akasema kwake yeye zote ni nyuki ndani ya debe, tofauti ni ukubwa wa debe.

Mwishowe nikapandisha mkwaruzo karibu na mwisho, nikajaza besi, nikashusha zile sauti za kati. Nikiacha kupiga kulibaki mvumo mkali, kwa hiyo nikawasha kitu kinachoitwa geti, ambacho hufunga kelele mtu akinyamazisha nyuzi. Kwenye hedifoni ilikuwa kama ukuta unaoanguka polepole. Nikamvisha Kaka hedifoni. Alisikiliza wimbo mzima, akakubali kwa kichwa. Nililala usingizi wa mtu aliyetua mzigo.

Kwenye mazoezi niliaibika. Tunafanyia nyuma ya banda la kuchomelea vyuma anakofanya kazi Radi, mpiga ngoma wetu. Alipoanza tu kupiga, gitaa langu likayeyuka. Nilipiga kwa nguvu zangu zote, nikawa nazisikia nyuzi zaidi kwenye vidole kuliko kwenye spika. Radi aliacha ngoma akaniuliza kwa upole kama nimechomeka waya. Aliyenieleza ni mpiga besi, tunayemwita Mwalimu kwa sababu anafundisha hesabu kweli.

“Dada, besi yako imekaa kwenye kiti changu,” alisema. “Na huo mkwaruzo mwingi unakula makali ya nyuzi. Punguza vyote viwili, pandisha sauti za kati, uone.”

Nilifanya hivyo, na gitaa likajitokeza katikati ya ngoma kama mtu aliyefungua mlango. Lakini likipigwa peke yake lilikuwa baya, Mjomba, bati tupu. Na nyumbani Kaka angelisikia likiwa peke yake.

Alilisikia, akageuka kutoka ukutani. Alisema nimeivua nguo sauti yake. Nikamweleza habari ya ngoma na besi. Akasema yeye amepiga na Radi miaka yote na hakuwahi kupotea. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimesimama kutwa nakunja mashuka, magoti yananiuma, na maneno yakanitoka bila kupita kichwani.

“Basi inuka uje uizungushe mwenyewe,” nilimwambia. “Mimi nimefika mwisho.”

Mama aliacha kuosha vyombo. Tangu ajali Kaka alikuwa hatoki ila kwenda kliniki, na hakuna aliyethubutu kumgusia. Akageukia tena ukutani, nikajua amenuna. Siku ya mazoezi nikabeba kisanduku, nikamkuta mlangoni amevaa viatu.

Radi alimkumbatia, akamwekea kreti la soda akae. Tukaanza ule wimbo wa polepole. Mimi napiga, Kaka anazungusha vitufe kwa mkono mzima. Alishusha mkwaruzo chini kuliko nilivyowahi kuthubutu. Mkwaruzo ukiwa mwingi, unagusa tu na sauti inajaa yenyewe; sasa ilibidi nichape kila mpigo, la sivyo gitaa linasinzia. Kiganja kikaanza kuwaka. Akapunguza kidogo ule wembamba unaochoma masikio, akalegeza geti nyuzi zipate kupumua. Kisha akaviacha vitufe, akakaa. Tulipiga hadi mwisho, na nilisikia kila nilichopiga, hata nilipokosea.

Nikamwangalia, nikingoja lile neno lake.

“Siyo yangu,” alisema. “Yangu nilikuwa naichapa kwa mikono yangu, halafu nikawa nakutuma ukaitafute kwenye vitufe. Hii ni yako. Usiiguse tena.”

Kisanduku huhifadhi kila sauti kwa jina. Zote nilikuwa nimeziita kwa jina lake la utani: Chuma, Chuma Tena, Chuma ya Mwisho, Chuma ya Mwisho Kabisa. Hii akaiandikia jina langu, kwa kidole kimoja, taratibu. Radi akajifanya anakaza skrubu ya ngoma. Mwalimu na mimi tukatazama sakafu.

Tumesharekodi. Kaka aliimba amefumba macho, sauti imekwaruza kidogo kwa kukaa kimya muda mrefu. Fundi wa studio aliuliza tumetumia amplifaya gani, Kaka akamwambia ni ya mjomba wetu. Nyimbo zimetoka vizuri. Usinione sina shukrani nikikuambia sikusherehekea. Nilirudi nikalala na viatu.

Na usidhani amepona. Gitaa lake liko juu ya kabati, hajaliomba, wala sijamshushia. Juzi nilimkuta anatembeza vidole vilivyobaki ukingoni mwa meza, kama anayetafuta noti za wimbo, aliponiona akaacha. Kuna asubuhi haamki kabisa. Lakini amesema mazoezini atarudi, nami neno hilo nimelichukua kama lilivyo.

Umeuliza kama tunahitaji kitu kingine, pedali au spika. Hapana, Mjomba, kisanduku kinatosha. Tunachohitaji ni mtu. Mama ananichunga mimi, mimi namchunga Kaka, Kaka anamficha Mama maumivu. Tumekuwa watu watatu wa kunyatiana ndani ya nyumba ndogo. Ungekuja hata kwa muda mfupi, ukakaa hapa, ukatuchosha na hadithi zako, nadhani sote tungelala.

Nisalimie sana mkaza mjomba, na binamu zangu wote, mkubwa kwa mdogo. Mama anakusalimu, anasema ukija usije na mizigo. Kaka hajasema nikusalimie, ila ameniuliza kama nimeshamaliza kukuandikia. Mungu akulinde hapo ulipo, akupe pumzi ndefu.

Ni mimi mpwa wako akupendaye,
Binti wa dada yako