Mrija wa Damu na Baba Mkwe

Jumanne, 6 Julai 1976
Nimeamka. Ashukuriwe Mungu! Tangu Machi, madaktari wa Dar waliponipasua kifua wakazibua kilango cha moyo, siku zangu zote naanza hivyo. Leo nimekaa chini nachambua kahawa na Priska wangu. Mtoto hajatimiza miaka miwili, mdomo haufungi. Jana alimwita mama mkwe "mama". Nikacheka. Kisha nikaingia jikoni nikalia kidogo.

Jumatatu nakwenda kupimwa damu hospitali ya misheni. Bashiri wa maabara huisimamisha ndani ya mrija mwembamba saa nzima. Ikizama polepole, moyo umetulia. Ikizama haraka, ugonjwa ule ule bado unautafuna. Mwezi uliopita ilizama haraka mno. Ikirudia — kitandani tena, miezi, mbali na Priska.

Alhamisi, 8 Julai
Mama mkwe kanigombeza. Amejua! Mwezi wa tano sikuchoma sindano yangu ya penisilini, ile ya kila mwezi ya kuzuia ugonjwa usirudi. Nilifika zahanati hapa Itaka, nikamwona baba mkwe kaketi barazani na goti lake bovu. Kwao Wandali mkamwana na baba mkwe hawaonani, wala hawatajani. (Hata hapa jina lake siandiki.) Nikageuka, nikapita migombani hadi nyumbani. Mama mkwe anasema heshima haitibu moyo. Kweli. Lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Jumapili, 11 Julai
Ezron, mume wangu, yuko Tunduma kwenye reli, hakupewa ruhusa. Baba mkwe ndiye atanisindikiza! Vipi? Hajasema.

Jumatatu, 12 Julai
Naandika kwenye benchi la maabara. Mimi nilipanda mbele ya lori na dereva. Baba mkwe alipanda nyuma, juu ya magunia ya kahawa, na baridi hii ya Julai! Aliposhuka nilijifunika kitenge, nikaona viatu tu, vyeupe kwa vumbi. Mungu ambariki mzee huyu.

Bashiri kachukua damu, kasimamisha mrija, kasema meza isiguswe. Baba mkwe yuko nje. Ukuta ndio mkalimani wetu.

"Ewe ukuta, damu imezama?"

"Ukuta, mwambie baba bado kidogo."

Akakohoa.

"Ewe ukuta, mwambie siku ile zahanati nilimwona akigeuka. Nikafurahi, nikasema nimepata mkamwana mwenye adabu. Kumbe ni mimi niliyepaswa kuondoka."

Kwetu Ihanda sijasikia mzee akisema hivyo kwa mwanamke.

Bashiri karudi na saa yake. Akaita ndugu wa mgonjwa aingie. Nikasema mume wangu hayupo. Viatu vikasikika mlangoni — kaingia! Kofia mkononi. Kanitazama usoni, na mimi sikujifunika. Macho ya Priska kabisa!

Bashiri bado ameinamia mrija, anasoma alama. Baba ameketi. Ananiuliza mimi, si ukuta, kama nasikia baridi.